Sauti Ninayoijua Hata Ikikohoa

Jumatatu, 2 Juni
...na ndiyo maana nasema ndoa ni tamu! Leo kipenzi changu amerudi na habari. Wizara anakofanya ukarani inaajiri mafundi wa kompyuta, na safari hii digrii haiulizwi. Unapewa tatizo, unalitatua mbele yao, basi. Mimi wa kidato cha nne! Jengo moja na mume wangu! Mchana tunakula pamoja! Nimemwaga chai kwa furaha.

Jumanne, 3 Juni
Wifi naye ameomba. Fundi simu huyo, ulimi wembe. Eti, "Bibi harusi, kompyuta haibembelezwi." Tutaona! Nimeshinda nikifanya mazoezi kwenye kompyuta yetu. Sasa haiwaki.

Jumatano, 4 Juni
Nimepata mpango! Wizara inatafuta makarani wa kuigiza wateja wenye shida kwenye usaili. Nimemwomba mume wangu ajitolee. Akasema haipendezi. Nikalia kidogo, jicho moja tu. Akakubali. Nimeolewa, jamani!

Alhamisi, 5 Juni
Usaili. Simu ikalia mezani kwangu, wasimamizi wanasikiliza. Sauti yake! Nikayeyuka. Akajitambulisha kama mkurugenzi, amesahau nenosiri, anataka jipya upesi. Nikampa hapo hapo, nikaongezea "mpenzi".

Msimamizi mkuu akavua miwani. Akauliza nimejuaje kwamba mpigaji ndiye mkurugenzi. Nikamjibu kwa fahari kwamba huyo si mkurugenzi hata kidogo, ni mume wangu, hata akikohoa namjua.

Kumbe mtihani wenyewe ndio huo: usimfungulie mtu kabla hujamhakiki. Maskini mume wangu alikabidhiwa maneno yake asubuhi ile ile, aigize tapeli. Na mimi nimempa tapeli funguo za serikali, na mahaba juu yake.

Wifi alipopigiwa na kaka yake wa tumbo moja, alimdai namba ya utumishi; kaka akababaika, wifi akamkatia simu. Kazi kapata yeye.

Ijumaa, 6 Juni
Kipenzi changu amenifuta machozi. Akanieleza taratibu kwamba kazini hakuna mpenzi, kuna kitambulisho. Nimemsikiliza kwa makini, hasa kile kishimo cha shavuni.

Nimeelewa kabisa. Kilichoniponza ni kukosa ushahidi! Msimamizi hakuamini kwamba yule ni mume wangu. Basi kabla mwezi haujaisha tutamtembelea nyumbani kwake, wawili tumeshikana mikono, na cheti cha ndoa, na albamu yote ya harusi.