Mchezo Wetu Umeboreshwa Kupita Kiasi

Kwa Waheshimiwa Watengenezaji wa Mchezo wa Misafara na Programu Yake ya Simu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima na wenye nafasi, maana ni ndefu kidogo na nimeiandika nikiwa nimenuna. Mimi ni fundi cherehani. Kila Jumapili alasiri huondoa vitambaa kwenye meza yangu ya kukatia, natandaza ubao wenu, tunacheza watu watatu: mimi, mume wangu, na kaka yangu mkubwa, fundi bomba mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Rufaa kwa sababu hajawahi kukubali uamuzi wa kwanza.

Majuzi binti yangu alitupakulia programu yenu, akasema itauboresha mchezo. Kweli imeuboresha. Hilo ndilo lalamiko langu, na naomba mnisikilize hadi mwisho.

1. Programu yenu inahesabu. Zamani alama zilihesabiwa na Rufaa, kwa sauti, kwa vidole, na kwa kusahau. Akifika kwenye mizigo yake hesabu ilipanda. Akifika kwenye yangu alikumbuka jambo, akaanza upya. Nikimkatiza, aliniuliza nani kamfundisha mwenzake kuhesabu, na alasiri ikachangamka. Siku hizi simu inalia kidogo, alama zinatokea, nasi tunatikisa vichwa kama watu waliokuja msibani.

2. Programu yenu inajua kanuni. Kijitabu kilichokuja na boksi kilikuwa na herufi ndogo mno, tukakikunja tukakiweka chini ya mguu wa meza isitikisike, kanuni zikabaki kichwani mwa kaka. Kwa mujibu wa kaka, mvua ikinyesha jangwani, msafara wa mzaliwa wa kwanza haulowi. Nimeipinga sheria hiyo tangu tuliponunua mchezo huu, na ningeendelea kuipinga kwa furaha. Sasa mtu anabonyeza alama ya kuuliza, na simu inajibu kwa adabu kwamba wote wanalowa. Mmekata mzizi wa fitina. Nani aliwatuma?

3. Kile kipima muda cha zamu. Mume wangu alikuwa akienda kuchemsha chai wakati kaka anafikiri. Siku hizi kaka hapewi nafasi ya kufikiri, kwa hiyo hatunywi chai.

4. Hili ndilo kubwa. Programu yenu inahifadhi mchezo. Zamani tukiishia katikati, ubao ulibaki mezani kama ulivyo, na Rufaa hakuwa tayari kuuacha mikononi mwetu. Alisema waziwazi kwamba mimi na shemeji yake ni watu wa kusogeza kete. Basi alilala kwenye kochi kuulinda. Asubuhi alikagua kete zake, akanywa chai nasi, akakaza bomba la jikoni lililokuwa likidondoka, akanipa habari za mtaa wake, akakumbuka dhuluma fulani ya jana, na mara ikawa mchana.

Sasa simu inakumbuka kila kete ilipo, inatuandikia kwamba tunaweza kuendelea wakati wowote, na kaka anavaa kofia yake. Tangu wifi yangu afariki anaishi peke yake, katika nyumba isiyo na wa kubishana naye. Jumapili iliyopita hakuja kabisa. Alisema mchezo uko salama kwenye simu, haraka ya nini. Hata zile simu zake za katikati ya wiki, za kunikumbusha kwamba dadu yangu iligonga mkasi na kwa hiyo haikuwa halali, zimekatika. Nina hamu naye. Nawaandikia ninyi kwa sababu kwake siwezi kulisema, ataniomba ushahidi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, programu ikosee kidogo, hasa kwenye alama za wakubwa. Ikiulizwa kanuni, ijibu kwamba watu wanatofautiana. Ikizimwa, isahau kama binadamu. Hayo yakiwashinda kitaalamu, basi iwekwe kwenye simu mbili na kila simu itoe mshindi wake. Hilo nalo likishindikana, kampuni imtume mfanyakazi mmoja kila Jumapili aje kukosolewa na kaka yangu. Awe mtu mwenye kifua, asiyekubali kosa upesi, na asiwe na haraka ya kuondoka. Chakula tutampa sisi. Sioni kama ni fidia kubwa, maana mmenichukulia kaka.

Nisalimieni mafundi mitambo wote, mhasibu, mlinzi wa getini, na yule dada mwenye sauti laini anayetangaza zamu inayofuata. Yeye hana kosa, ametumwa tu. Nyumbani wote wanawasalimu. Mume wangu anawasalimu mara mbili, kwa kuwa ameipenda programu, na hilo tunalizungumza.

Ni mimi, mteja wenu mwenye kinyongo lakini asiye na matusi,

Fundi cherehani, dada yake Rufaa

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha kaka alipoingia bila hodi, na leo si Jumapili. Kumbe ameipakua programu yenu kwenye simu yake ili acheze nayo peke yake, nayo imemfunga mfululizo, anasema imemwibia. Nimekagua mchezo wote. Haikumwibia, kacheza vibaya. Nimemwambia hivyo usoni, na tangu asubuhi tunabishana mpaka mume wangu amehamia uani na kikombe chake. Hivi sasa Rufaa amekaa kwenye meza yangu ya kukatia anawaandikia malalamiko yake mwenyewe, na ameapa hatoki nyumbani kwangu mpaka mmjibu. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafuteni. Programu ni nzuri, msiiguse. Na barua yake, tafadhali sana, msiijibu.