Kaniki Inachuja

Jumatatu, 4 Machi 1985
Bado nafunga mkanda wa kijani. Wa mwenzangu Sabiri wa njano, chini yangu, lakini mdomo wake mweusi kabisa. Leo mwalimu wetu wa karate, Shehzad, katukalisha ndani ya ghala la baba yake, Mzee Fidahussein, katangaza. Jumamosi anakuja aliyemfundisha yeye, Mwalimu Idarusi wa Mombasa. Atachagua mmoja, akakae kwake, afundishwe mpaka mkanda mweusi. Mmoja tu!
Sabiri kasema mimi Msafiri wa jina, safari yangu mwisho Tongoni. Kweli, zaidi ya Tongoni sijafika. Majibu yangu huja baadaye, nikiwa naoga.

Jumanne, 5 Machi
Nimewaza. Mgeni hatujui. Wote tumevaa mashuka na mifuko ya unga iliyoshonwa. Atamjuaje hodari? Atatazama viunoni. Kwa hiyo mimi nitafunga mweusi!
Shangazi Mwamvua kauliza huko ghalani tunafanya nini hasa. Nikasema ngumi, mateke, na kata. Kauliza mnakata nini. Nikamweleza kata ni kupigana na watu ambao hawapo, kwa mpangilio. Kasema basi kama ni kukata, kuni zipo uani, na zipo kweli.

Jumatano, 6 Machi
Nimezunguka mtaa wetu wa Makorora, nimeimaliza Tanga nzima. Madukani vitu vimeanza kurudi, sabuni ipo, mitumba ipo. Kitambaa cheusi hamna, labda nichane mwavuli wa mtu.
Kumbe nyumbani! Ndani ya sanduku la shangazi mna kaniki mpya. Aliipigania kwenye foleni miaka ile mibaya, kaiweka kwa ajili ya pepo wake. Pepo akipanda, lazima afunikwe kaniki. Lakini mwaka huu hajapanda. Nikasema nitachukua ukanda mwembamba tu, pindoni, pepo hatembei na futi.
Nimekata. Roho imeniuma kidogo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeshona kwa mkono. Nikajifunga mbele ya kioo, nikajiogopa mwenyewe.
Jioni Mwalimu Shehzad kaniita pembeni. Alitaka kusema jambo, akalimeza. Kasema nilale mapema, na Jumamosi nije kama nilivyo. Kama nilivyo! Maskini, karate anaijua, mbinu hajui.

Jumamosi, 9 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.
Nimefika nimeshafunga, nikapita mstari wa mbele. Mwalimu Shehzad kaniona. Mbele ya mgeni angesema nini? Mwalimu Idarusi, mzee mfupi mpole, nikampa shikamoo. Katazama kiuno changu muda mrefu, kisha kasema haya, fanya kata.
Nikafanya. Wallahi sijawahi kufanya vile. Mguu ulikuwa unakwenda wenyewe. Joto la ghala, jasho linamwagika. Nageuka mara ya mwisho, nasikia vicheko.
Kaniki imechuja! Shuka langu jeupe limekuwa buluu tangu kiunoni mpaka magotini. Vidole buluu. Nikajifuta uso, na uso nao.
Hapo hapo mlangoni shangazi. Asubuhi alikuwa anaanika nguo za sandukuni, kaikuta kaniki pungufu, na nyuzi nyeusi zimejaa mkekani kwangu. Kamwamkia mgeni kwanza, kauliza na habari za Mombasa, bila haraka. Kisha kaikunjua kaniki mbele ya watu wote.
“Kumbe kata yenyewe ndiyo hii.”
Ghala zima chini kwa kucheka. Sabiri kashika nguzo. Mgeni mwenyewe kaficha mdomo.
Mwalimu Shehzad hakucheka. Kanitoa nje.
“Msafiri, nilishamwandikia kwamba ni wewe. Amekuja kukutazama wewe, na kijani chako.”
Jibu halikuja. Halijaja mpaka sasa, na nimeshaoga.
Mgeni kasema mguu wangu mzuri, lakini mtu aliyekwisha kujivika mwenyewe, yeye atamvika nini tena. Kamchagua Sabiri.

Jumapili, 10 Machi
Sabiri kaondoka asubuhi na basi la Horohoro, mpakani. Kapita kuaga. Hakunitania, bora angenitania. Kanipa mkono, kaviona vidole vyangu bado buluu, kavishika hivyo hivyo. Kasema Mombasa atanisalimia. Safari ile ilikuwa iwe yangu.
Nimesimama mlangoni mpaka vumbi la basi limetulia. Shangazi kaniletea chai.

Jumanne, 12 Machi
Shangazi kataka nifue ule mkanda, niufumue, niurudishie pindoni, pepo asije akauliza. Nimefua. Nimesugua mpaka kipande cha sabuni kimekwisha. Kapita uani, katikisa kichwa.
“Unajichosha, mwanangu. Kaniki hata uifue vipi haiwi nyeupe.”
Maneno yake yameniingia. Nimekaa kwenye kinu, naitazama kambani, najuta. Ikakauka. Kweli, nyeupe haikuwa.
Imekuwa buluu. Buluu ya kupendeza! Na buluu ni mkanda wa juu ya kijani.
Nasikia Pangani nako wameanza karate. Pangani hakuna anayenijua.
Shangazi nimemwambia ukanda umechukuliwa na upepo. Safari hii sitatoka jasho.