Injection ya Harusi ya Rébecca

Jumanne, 7 Agosti 2001. Beni-Mulekera.
Gari yangu inakufa! Ukikanyaga, inaimba. Ukitoa mguu, inatetemeka kama mutu wa malaria, inazimika. Ralenti, ile pumzi ya moteur mguu ukiwa juu, hapana. Lakini ni injection ya Wajerumani, mtambo wa kupulizia moteur petroli, ya 1978! Katika Beni nzima tuko wawili tu wenye kuielewa: mimi na gari yenyewe.
Na Jumamosi Rébecca, mtoto wa marehemu kaka yangu, anaolewa Bungulu. Nilimuahidi kumpeleka kanisani. Pale mbele bamama watatandika vitenge barabarani, gari ipite juu yake polepole kama kinyonga. Ikizimikia pale, ni haya ya ukoo wote.
Jirani Issaka, mwenye camionnette, gari ndogo ya mizigo, ya carburateur ya kizamani, amejitolea kumbeba. Bibi harusi, kule nyuma kwenye vumbi la makala ya kupikia! Nilimwambia injection ni ya watu waliosoma. Akaniuliza niliishia darasa gani. Sina wakati wa batu ba carburateur.

Jumatano, 8 Agosti.
Nimezungusha vis, skrubu ya ralenti, mpaka mwisho. Ushindi! Haizimiki tena. Ila sasa haisimami. Nilipoingiza vitesse, gia ya kwanza tu, ikaruka, ikapita juu ya mihogo ya mke wangu Adèle iliyoanikwa uani. Amesema kama nataka kusaga unga, kuna moulin. Nimerudisha vis. Tumekula ndizi.

Alhamisi, 9 Agosti.
Njia ya Butembo, kwa fundi Kakule. Barrière ya jeshi barabarani. Askari Mukendi, mutu wa Kasai, ameniamuru kuzima moteur. Nilimwambia: mkubwa, imekutii hata mbele hujasema. Alicheka mpaka bunduki ikamtoka begani. Wakanisukuma wote wakiimba Kilingala. Tangu vita ianze, hapana mutu amepita barrière kwa heshima ile.
Butembo: nabishana na Kakule, nimeegemea moteur, mkono juu ya kigunzi cha mahindi. (Kifuniko cha mafuta ya moteur kilipotea, kwetu kila kitu kinafungwa na kigunzi, hata bidon ya pombe ya kasiksi.) Mara moteur ikatulia! Natoa mkono, inatetemeka. Nagandamiza, inatulia. Donc ilikuwa inavuta hewa ya wizi pale! Kakule amenipatia kifuniko cha kweli. Ralenti tamu, unaweza kulaza mtoto juu ya capot. Nimemkumbatia Kakule. Na wateja wake.

Ijumaa, 10 Agosti.
Nimefikiri. Kama tundu moja ni baya, matundu yote ni mabaya. Asubuhi yote nimeziba kwa mpira wa chambre à air ya gurudumu: huku, kule, hata katundu kadogo kwenye kifuniko cha tangi ya essence. Nani alikaacha pale? Wajerumani nao wanasahau. Issaka alipita, akauliza tangi itapumua namna gani. Nilimuuliza kama ameisha kuona tangi yenye pua.

Jumapili, 12 Agosti.
Jana! Tumefika Bungulu, vitenge chini, vigelegele juu, na gari… pfuu. Juu ya kitenge cha kwanza! Rébecca alinishika bega, akasema kwa sauti ndogo: baba mudogo, leo hapana. Moyo wangu ulianguka mpaka kwenye pédale. Nikatoa kichwa dirishani, nikapaaza sauti: sukumeni, ndiyo desturi mpya! Issaka alicheka, mais ndiye aliyeweka bega wa kwanza. Bamama wakafuata, vilemba vikianguka. Hapana kelele ya moteur, nyimbo tupu, gari ikiteleza taratibu mpaka mlangoni, ambapo Valentin, bwana harusi, alilia kama yeye ndiye anaozeshwa. Rébecca amesema hapana bibi harusi amefika kanisani vizuri vile. Nami nililia. Vumbi, nilisema.
Kisha nikafungua tangi: pshhh, hewa ikaingia! Moteur ikawaka mara moja. Issaka aliniangalia tu. Nilimwambia nilipanga vile.
Amekuwa ndugu yangu, lazima nimshukuru. Nimemwambia nitamtengenezea ralenti ya camionnette. Amesema ralenti yake haina shida hata moja. Unyenyekevu! Leo amealikwa kula kwa shemeji yake, donc nimeanza mapema. Carburateur iko mezani kwa Adèle, vipande vipande. Maskini Issaka. Ina matundu mengi sana!