Kamati Iliyokwenda Kutazama Katikati ya Jiji

Kwa kuwa uchimbaji wa dhahabu ulikuwa umepamba moto, na kwa kuwa penye dhahabu hapafai kuendelea kuitwa kijiji, Kamati ya Kuandaa Katikati ya Jiji iliutangazia umma, kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye pikipiki, kwamba Matongo itakuwa jiji kufikia Desemba. Katikati yake ilishapatikana: kwenye kibanda cha Rukaya, mpika chai na chapati wa wachimbaji. Kibanda kingevunjwa Jumatatu.

Rukaya alimfuata mwenyekiti, Bwana Magige, ofisini kwake.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Sasa mimi nitapikia wapi?"

"Pembezoni, Mama Kauthar. Hakuna jiji lisilo na pembezoni. Usiturudishe nyuma."

Lakini utaratibu ulitaka ziara ya mafunzo kwanza, na ziara ilitaka mwananchi mmoja aliyeguswa na mradi. Nani aliguswa kumshinda Rukaya? Akafunga chapati zake kwenye kitambaa, akapanda basi la Mwanza pamoja na wakubwa.

Katibu, Elkana, mtu makini, alikuwa ameshaandika muhtasari wa ziara, na mwenyekiti ameshaugonga muhuri kabla basi halijaondoka. Muhtasari ukisubiri ziara, alisema Elkana, unachelewa. Azimio la kwanza: Kamati imeona katikati ya jiji na imeridhika. La pili: yote yaliyoonekana yatekelezwe Matongo kama yalivyo, bila kupunguza wala kuongeza, kuanzia Jumatatu.

Mwanza waliuliza katikati ya jiji ni wapi. Ilikuwa saa saba mchana, na watu watatu waliwaelekeza mahali pamoja: kiwanda cha zamani cha nguo. Magige akavua kofia kwa heshima. Kiwanda kilikuwa kimekufa siku nyingi; ndege walitaga kwenye dohani. Getini alikaa mlinzi mmoja kwenye kigoda.

"Wakubwa wako wapi?" Magige aliuliza.

"Wakubwa waliondoka, mzee. Osha mikono, uingie."

Kwenye mlango ulioandikwa MENEJA MKUU moshi ulikuwa unatoka. Ndani, mama mmoja aitwaye Everlyne alikuwa anasonga ugali. Samaki aina ya sato walilala kwenye trei za barua, sahani zikakaa kwenye kabati la mafaili, na nusu ya jiji ilikuwa inakula kwenye meza ya mikutano.

Magige alisema hii siyo katikati. Alisema hivyo akiwa kwenye sahani ya pili.

Rukaya hakula. Alipima meza kwa kanga yake. "Dada, hapa wanakaa wangapi?"

"Kumi na wanane. Wakipendana, ishirini na wawili."

Jumatatu asubuhi Rukaya alifika kwenye ofisi ya Kamati na masufuria, wachimbaji wote nyuma yake wamebeba mafiga. Akamwomba Elkana asome azimio la pili. Elkana, mtu makini, akasoma.

"Hayo ni maandishi tu," alisema Magige.

"Yana muhuri wako, Mheshimiwa," alisema Rukaya. "Kuyatengua kunahitaji ziara nyingine."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Elkana alipitia karatasi yake kwa kidole. "Ipo nafasi moja. Kule tuliona mlinzi."

Wiki iliyofuata mgeni kutoka wilayani alisimamisha gari mbele ya mlango ulioandikwa MWENYEKITI, akauliza wakubwa wako wapi.

Magige aliinuka kwenye kigoda, akamsogezea birika la maji.

"Wakubwa waliondoka, mzee. Osha mikono, uingie."