Tarikhi ya Hoja ya Sabini na Moja

Sogeeni, enyi mliofukuzwa kazi siku ya Ijumaa mkakabidhiwa boksi la kubebea kikombe na picha za wajukuu! Tegeni masikio, kwa maana nasimulia vita vikuu vya mji wetu wa Toledo, alivyovipigana Lorraine Kaczmarek, simba jike wa mstari wa nne, Mfungaji wa Katoni, Mhesabu wa Biskuti, asiyepitwa na kitu. Vita hivyo vilidumu miaka mitatu, na upanga ulichomolewa mara moja tu, nao ulikuwa neno moja.

Chanzo chake ni hiki. Lorraine alikuwa na miaka sitini na moja, na ishirini na saba kati ya hiyo aliimalizia kiwandani kwetu akitia biskuti arobaini na nane katika kila katoni, wala haikupata kutokea katoni yake ikawa na arobaini na saba. Ndipo msimamizi mpya, Todd Hostetler, kijana anayenukia marashi kuliko biskuti zenyewe, akasimama mbele ya mashine akatamka: "Mstari huu unataka damu changa. Bibi, hujachoka tu? Si uende ukalee wajukuu!" Wiki mbili baadaye akamfukuza, akaandika kwamba sababu ni kuchelewa dakika nne. Mimi Duane, mwandishi wa tarikhi hii, siku ya maneno yale nilikuwa nimesimama kushoto kwa Lorraine. Nilisikia kila neno.

Lorraine akashtaki. Hakutaka makuu: alitaka raia wanane waketi, wamtazame Todd usoni, kisha waamue kama kosa lililomfukuzisha lilikuwa dakika nne au miaka sitini na moja. Maskini, alidhani kesi huamuliwa kwa watu kusikilizwa! Katika mahakama ya shirikisho, enyi wasikilizaji, mwajiri humwomba jaji kwanza aizime kesi kwa karatasi tu, akidai kwamba hakuna ubishi wa kuwasumbulia raia. Na kesi za wafanyakazi chungu nzima huzikwa papo hapo, kwa heshima zote, bila shahidi hata mmoja kupanda kizimbani.

Wakaja basi mawakili wa kiwanda, majemadari watano wa suti za kijivu, wakiongoza jeshi la hoja mia moja na kumi na mbili, kila moja na nambari yake kifuani. Na kanuni ya vita ndiyo hii: kila hoja ijibiwe kwa nambari yake, na ukurasa wa ushahidi uonyeshwe; ile usiyoijibu, umeikubali. Ukinyamaza, umekiri. Jaji akatoa muda hadi Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Upande wetu palikuwa na jemadari mmoja, Odell Prentiss, mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni na ofisi juu ya duka la viatu. Alhamisi hiyo, saa kumi alasiri, nilimpeleka Lorraine kwa gari langu akasome majibu kabla hayajatumwa. Prentiss akasimama kana kwamba anahutubia taifa.

"Mama Lorraine! Mia moja na kumi na mbili wamekuja, mia moja na kumi na mbili nimewalaza chini! Nipe ruhusa nibonyeze hapa, nikanywe kahawa yangu kwa amani."

"Ngoja kwanza nihesabu."

"Uhesabu nini tena? Mimi nina miaka thelathini kwenye kazi hii."

"Na mimi ishirini na saba kwenye biskuti. Kaa chini, Bwana Prentiss."

Akavaa miwani. Akashuka na kidole ukurasa kwa ukurasa, midomo ikicheza, vilevile kama nilivyomwona kwenye mstari siku zote. Prentiss akatazama saa, akakohoa, akatazama saa tena. Ghafla kidole kikasimama.

"Hapa una sabini mbili."

"Sabini mbili vipi?"

"Sabini, halafu sabini tena, na zote zinasema habari ya kuchelewa. Halafu sabini na mbili. Sabini na moja kaenda wapi?"

Prentiss akafunua karatasi za adui, na uso ukamshuka. Hoja ya sabini na moja ilisema: *Msimamizi hakuwahi kutamka neno lolote kuhusu umri wa mdai.*

"Mama yangu," akasema polepole, "kesi yenyewe ndiyo hiyo. Ningetuma hivi, ungekuwa umekubali. Kwisha habari yetu."

"Katoni yenye biskuti arobaini na saba hiyo," Lorraine akasema. "Haya, baba, andika! Utalia baadaye."

Naam, akaandika: *Inakanushwa. Tazama ushahidi wa mdai, ukurasa wa 44, mstari wa 9.* Ikatumwa zikiwa zimebaki dakika tatu.

"Angekuwepo mwingine aliyesikia, ingetufaa zaidi," Prentiss akasema, akinitazama. "Lakini Duane kwenye hati yake ya kiapo kasema mashine zilikuwa na kelele."

"Zilikuwa na kelele kweli," nikasema.

"Mwache," Lorraine akasema, bila kunitazama. "Naye ana kazi ya kulinda." Aibu iliyonishika siku ile haijanitoka mpaka leo.

Miezi saba ikapita, hukumu ikashuka, kurasa thelathini na nane. Jaji alilitupilia mbali dai la kwanza, akalitupilia mbali la pili, akalitupilia mbali la tatu. Lakini ukurasa wa thelathini na sita akaandika kwamba kuhusu hoja ya sabini na moja pana ubishi wa kweli, na raia waitwe waamue.

Pigeni vigelegele! Iandikwe katika tarikhi za mataifa kwamba Lorraine Kaczmarek, baada ya miaka mitatu, ameshinda. Hajashinda kesi, la hasha, ameshinda ruhusa ya kuianza! Alitupikia pierogi, vile vitumbua vya kwao vya kujazwa viazi, Prentiss akatoa hotuba ndefu, na majirani wote wakauliza kalipwa nini.

"Sijalipwa kitu," akawajibu. "Ila sasa lazima wanisikilize."

Jana nami nimeletewa wito wa mahakama. Nitapandishwa kizimbani mbele ya raia wanane, Todd akinikodolea macho, na mle ndani hakuna mashine ya kusingizia. Nimeikariri nambari yangu, sabini na moja. Wakiniuliza, nitasema nilisikia.