Upande wa Tatu wa Diski ya Kabasele

Kituo cha Treni, Kolwezi
Mwaka 1993, majira ya mvua

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Muziki,
Lubumbashi

Ndugu Mhariri,

Pokea heshima na salamu za msomaji wako wa miaka mingi. Katika gazeti lako uliuliza kama inafaa kununua hizi diski za zamani za soul zinazotolewa upya huko Ulaya zikiwa zimeongezwa nyimbo. Uliomba majibu mafupi. Jibu langu fupi ni hapana. Jibu langu refu ndilo hili, na ninaliandika nikiwa nimeketi juu ya godoro la watu, kwenye kituo cha treni, mahali nilipoletwa kwa nguvu kwa kosa la diski ya namna hiyo.

Naitwa Banza Henri, karani wa stoo mgodini, mzaliwa wa Kabongo, mtu wa Katanga kwa baba, kwa mama na kwa mabibi wote wawili. Jirani yangu ni Kabasele, fundi wa umeme katika mgodi huohuo, ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Mambo ya mwaka huu unayajua. Tangu mgodi uporomoke na mshahara ugeuke kuwa uvumi, wakubwa walitafuta mwenye kosa kila mahali isipokuwa ofisini kwao, na mwishowe wakamwona jirani. Sasa watu wenye asili ya Kasai wanatolewa manyumbani na kuletwa hapa kungoja treni iwapeleke kwao. Hayo ni mambo ya wakubwa na mimi siyaingilii. Mimi nalalamikia diski tu.

Lazima kwanza uelewe utaratibu wetu. Turnediski, yaani mashine ya kupigia diski, ni yangu. Kampuni ilinizawadia kwa utumishi mrefu, siku zile kampuni ilipokuwa na kitu cha kumzawadia mtu. Diski zilikuwa za Kabasele. Yeye bila mimi alikuwa na mapambo ya ukutani, na mimi bila yeye nilikuwa na sanduku linalozunguka kimya. Basi kila Jumapili baada ya Misa tulikuwa na diski moja ya soul, ya Mmarekani mmoja ambaye jina lake silitaji nisije nikamfanyia biashara, mwenye sauti ya mtu anayeomba msamaha mlangoni huku mvua inamnyeshea. Upande wa kwanza tuliusikilizia kwangu, na mke wangu Abigaëlle alitoa munkoyo baridi, kile kinywaji cha mahindi. Kisha tulibeba mashine, tukaruka ua, na upande wa pili tukausikilizia kwa Kabasele, na mke wake Kapinga alitoa bukari, ugali wetu, na matamba ya majani ya muhogo. Wimbo wa mwisho ukiisha, nilibeba mashine yangu na kurudi kwangu. Pande mbili, nyumba mbili, kinywaji na chakula. Hatukuwahi kugombana hata siku moja.

Diski ile ilichakaa mpaka yule Mmarekani akaanza kusikika kama anaimbia ndani ya gunia. Ndipo Odile, dada yake Kabasele, muuguzi huko Liège, alipotutumia toleo jipya, lililooshwa sauti na kuongezwa. Tulifungua bahasha kwa shangwe. Ndani tulikuta diski mbili, maana yake pande nne, na hapo ndipo amani yetu ilipokwisha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nyimbo zilizoongezwa si za asili. Nimezichunguza kwa haki. Zile za kwanza ndizo wenyeji wa diski, zilikuwepo tangu mwanzo, tulizikuta pale na tunazitambua. Hizi nyingine zimekuja tu. Mwimbaji mwenyewe alikuwa amezikataa, zikae huko zilikokataliwa. Siwachukii wageni, Ndugu Mhariri, lakini kila wimbo una kwao.

Kabasele, ambaye husoma mpaka maandishi madogo nyuma ya karatasi ya diski, alinipinga. Alinionyesha kwamba nyimbo hizo zilirekodiwa katika chumba kilekile, wiki ileile, na wapigaji walewale, na kwamba mmojawapo ulirekodiwa kabla ya hizo ninazoziita za asili. Uliachwa nje kwa sababu mtu mmoja ofisini alisema diski imejaa. "Tata Banza," aliniambia, kwa heshima kama ya mtu kwa baba yake, "hii nyimbo yote ilizaliwa mu chumba moja. Hamuna mugeni humu." Nilimjibu kwamba kuzaliwa si hoja. Yeye mwenyewe, kwa mfano, alizaliwa katika hospitali ya hapa Kolwezi na hajawahi kuiona Kasai hata kwa dirisha la treni, wakati mimi nilishuka kwenye kituo hiki hiki nikiwa na ndevu na sanduku la mbao, na bado mwenyeji ni mimi. Aliniuliza kama nataka matamba zaidi. Nilichukua ule kama ushindi.

2. Upande wa tatu hauna nyumba. Huwezi kuurudisha kwangu, maana mashine imekwisha kuvuka ua na mgongo wangu si wa kijana. Ukibaki kwa Kabasele, yeye anakuwa na pande mbili na mimi moja, jambo ambalo si haki kwa mwenye mashine. Mbaya zaidi, upande wa tatu hauna chakula. Kapinga alituambia wazi, akiwa amesimama na mwiko mkononi: "Mi napikaka kwa pande mbili. Ya tatu, mumuulize mwenye kuiongeza." Abigaëlle naye akasema hayo hayo kutoka ng'ambo ya ua, bila hata kuitwa. Kwa hiyo tuliusikiliza tumekaa mikono mitupu kama watu wanaosubiri daktari. Ninakuuliza, kampuni inayoongeza nyimbo bila kufikiri nani atapika inawaheshimu wateja wake kweli?

3. Sasa nafika kwenye jambo zito. Jumapili iliyopita, kwa utaratibu wa zamani, upande wa pili ungekwisha, ningevaa viatu na kwenda zangu. Badala yake nilikuwa bado kwenye kiti cha Kabasele, kile cha mikono, nikiwa miguu wazi, kwa sababu Kapinga hamruhusu mtu yeyote, hata padri, kukanyaga na viatu sakafu yake ya sementi nyekundu aliyoing'arisha kwa nta. Nilikuwa katikati ya upande wa tatu, nikiutafutia makosa, wakati vijana wanaowatoa watu wa Kasai manyumbani walipoingia.

Waliokuja walikuwa kundi, na kiongozi wao alikuwa Kisimba, ambaye nimemfundisha katekisimu na sikumbuki kumfundisha hayo. Nadhani hakunitambua, kwa kuwa hajawahi kuniona bila viatu. Waliamuru wote waliomo watoke na vitu vyao. Nilisimama na kueleza kwa upole kwamba mimi ni mtu wa Kabongo. Kijana mmoja akaniuliza: "Sasa unafanya nini mu nyumba ya Mukasai, miguu wazi?" Nikajibu ukweli, maana ndivyo nilivyolelewa: "Nangojea upande wa tatu iishe."

Ndugu Mhariri, wote walicheka. Kisimba alitikisa kichwa kwa huruma, akasema: "Tata, diski iko na pande mbili. Hata mutoto anajua." Na kwa kuwa mtu anayezungumza juu ya upande wa tatu wa diski ni mwongo, na mwongo ana sababu ya kusema uongo, ilionekana wazi kwamba mimi ni mtu wa Kasai anayejificha. Niliomba wanipime kwa Kiluba cha Kabongo. Walitupima wote wawili. Kabasele, aliyekulia miongoni mwetu, alijibu haraka kuliko mimi, na jambo hilo halikunisaidia hata kidogo.

Hivyo ndivyo nilivyotolewa katika nyumba isiyo yangu, pamoja na kiti, magodoro, sufuria, turnediski na diski zenyewe, nikasukumwa mpaka hapa na kuambiwa nirudi kwetu. Kwetu ni nyumba inayofuata ya Kabasele, kushoto, lakini hakuna aliyetaka kusikia. Kama mwimbaji yule angeachwa anyamaze pale alipochagua kunyamaza, nisingefukuzwa. Lawama zote naziweka juu ya waliotoa toleo hilo.

4. Hata hapa kituoni diski hiyo haiachi kuharibu utaratibu. Mashine yangu inakula mabetri pia, na watu wamejaa kila upande chini ya maturubai na mashuka, wakingoja treni ambayo kila asubuhi inasemekana inakuja. Siku ya kwanza Kabasele aliweka upande wa kwanza ili watoto waache kulia. Nyimbo zile kila mtu alizijua, wakaitikia kwa adabu. Lakini upande wa tatu ulipoanza, watu walisogea. Humo kuna wimbo ambao mwimbaji anaingia vibaya, anakosea, anakohoa, wapigaji wanamcheka, naye anacheka, kisha wanaanza upya. Kosa tupu, Ndugu Mhariri, limepigwa chapa na kuuzwa. Na ndilo watu walilolipenda. Kuna Mama Adolphine kutoka Mutoshi, ambaye alifukuzwa sufuria ikiwa jikoni na akaja nayo hapa na maharagwe yake yakiwa bado hayajaiva. Yeye hataki wimbo mwingine wowote. "Rudisha pale anakosea," anasema, na tukirudisha anafunika uso kwa kitenge na mabega yanatikisika. Nilidhani anacheka. Nilipomsogelea nikaona kwamba anafanya yote mawili.

Na kuhusu lile suala la chakula nililolitaja katika namba ya pili, limezidi kuharibika. Hapa kila jiko linachangia, na upande wa tatu sasa una bukari kuliko pande nyingine zote. Maharagwe ya Mama Adolphine yaliiva siku iliyofuata, na tulikula wote.

5. Malalamiko ya mwisho ni juu ya Kabasele mwenyewe, ambaye diski hii imemharibu. Mtu aliyekuwa akinibishia kila nukta sasa hanibishii tena. Jana nilimwambia makusudi kwamba mpiga ngoma wa upande wa nne ni mlevi, nikangoja. Alisema tu, "Pengine, tata," na akaendelea kufunga kamba kwenye godoro. Nimekaa na mtu huyu ua kwa ua tangu watoto wetu wakitambaa. Treni ikija atapanda, na sijui Jumapili zangu nitazifanya nini. Niliona uchungu mwingi, na kwa kuwa sipendi kuona uchungu mbele za watu, nilichukua kalamu nikuandikie wewe.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba yafuatayo: uwaonye wasomaji wasinunue toleo lolote lililoongezwa, uwaandikie wenye kampuni waondoe kila wimbo usio wa asili na kuurudisha ulikotoka, na, kama ofisi yako ina muhuri, unitumie cheti kidogo chenye kuthibitisha kwamba diski inaweza kuwa na pande nne, nikionyeshe kwa Kisimba na kwa mtu mwingine yeyote anayehusika. Hadi hapo nabaki kituoni nimezuiliwa bila kosa, mimi mzawa.

Nisalimie watu wote wa ofisi yako, yule anayepanga herufi, mkeo, watoto, na wakwe kama wapo. Abigaëlle anakusalimu. Kabasele na Kapinga wanakusalimu pia, na Mama Adolphine anauliza kama una mabetri.

Ni mimi, mwenye kusubiri jibu lako kwa heshima zote,

Banza Henri
karani wa stoo, mzaliwa wa Kabongo

Nyongeza: Treni imefika kabla sijapata bahasha, na imekwisha kuondoka. Kwa kuwa gazeti halipaswi kuchapa uongo, nasahihisha neno moja. Niliandika kwamba nimezuiliwa. Kisimba alirudi siku ya pili akiwa na Abigaëlle, akaniomba msamaha mbele ya watu na kuniambia, "Tata, rudia ku nyumba." Nilimjibu kwamba siwezi kuondoka, nangojea jibu la malalamiko yangu. Wakati huo nilikuwa sijaandika hata mstari mmoja.

Wakati wa kupakia mizigo Kabasele alinipa diski ya kwanza ya toleo hilo, yenye nyimbo zetu za zamani. "Kamata hii, tata, ni ile tulianzaka nayo." Nimeitia kwa siri ndani ya kikapu cha Kapinga, iende nao, na mimi nimebaki na ile ya pili, ya nyimbo zilizokataliwa. Diski yetu ya zamani ilikuwa moja tu, isingegawanyika, na mmoja wetu angeondoka mikono mitupu.

Basi futa ombi langu la kwanza na la pili, na waambie wasomaji wako wanunue. Wakipata lenye pande sita, wachukue hilo. Bila upande wa tatu ningekuwa nimekwisha kurudi kwangu vijana walipoingia, na Kabasele angetolewa peke yake.