Ulinzi wa Nyumba Yangu Dhidi ya Kikohozi cha Shemeji

Jumatatu, 1 Septemba

Kifua kikuu kimeingia mtaani. Nanjala, mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, amesema kuna mgonjwa nyuma ya Ngome ya Yesu. Jina hakulitaja. Hakuna haja. Ni shemeji yangu Aliakbar, kaka yake Firoza, anayekaa ghorofa ya juu yetu. Wiki iliyopita alikohoa ngazini mara mbili. Nilihesabu.

Nanjala aliniachia karatasi ya maelezo. Sikuisoma yote; mtu mwenye akili huona picha ya kwanza akafahamu yaliyobaki. Tuko wanne humu ndani: mimi, mke wangu Firoza, binti yetu Saliha, na mjukuu wangu Rumana, wa miaka miwili, ambaye usingizi wa mchana haulali ila kifuani pangu. Huyo ndiye ninayemlinda. Ugonjwa ukimtaka, upite kwangu kwanza.

Nimejiteua mkuu wa ulinzi. Firoza ameuliza ni nani aliyenipigia kura. Wivu.

(Nimeacha kuandika kidogo ili nikohoe. Vumbi la vitambaa ninavyouza dukani.)

Jumanne, 2 Septemba

Mpango wa kwanza: madirisha. Nimeyafunga yote manane, na mawili ya upande wa ngazi nimeyapigilia misumari, maana pumzi za Aliakbar lazima zinashuka. Nyufa nimeziziba kwa vitambaa. Saliha anasema nyumba imekuwa tanuri. Nimemweleza kwamba kutoka jasho ni afya, na kwamba mimi mwenyewe hulowa jasho kila usiku wala silalamiki.

Mchana Rumana alilala kifuani pangu kama kawaida. Nilijizuia kukohoa nisimwamshe. Nikashindwa. Hakuamka. Mtoto hodari!

Jumatano, 3 Septemba

Mpango wa pili: sinia. Ukoo wetu tangu zamani hula sinia moja, sote tumelizunguka, kila mtu ameonja chumvi kwanza. Aliakbar hushuka kula nasi kila siku tangu mkewe afariki. Leo nimeleta sahani. Kila mtu na yake, na ya Aliakbar ina alama ya rangi nyekundu.

Firoza alizitazama zile sahani kana kwamba nimeweka viatu juu ya busati. Aliakbar akauliza kwa upole kama kuna alilotukosea. Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya kisasa. Akala, akashukuru, akapanda kwake bila kumaliza wali. Iliniuma, sitaficha. Lakini mkuu wa ulinzi hana ndugu.

Alhamisi, 4 Septemba

Udi. Kila nyumba hapa hufukiza jioni ya kuamkia Ijumaa, chetezo kimoja, vipande viwili vitatu. Mimi nimewasha vyetezo vitano, na madirisha yamefungwa ili moshi usipotee bure. Harufu tamu. Kisha hatukuonana.

Jirani akapiga kelele za moto. Watu wakaja na ndoo na kumwagia maji mlango wangu, na mimi niliyeufungua. Moshi ulipenya mbao za dari hadi kwa Aliakbar, naye akateremka mbio huku akikohoa. Nikamwambia Firoza amwone kaka yake anavyokohoa. Firoza akanijibu kwamba hata paka anakohoa.

Jumamosi, 6 Septemba

Mpango mkubwa kuliko yote. Nimemwita Nanjala aje ampime Aliakbar mbele ya mashahidi.

Kwanza ameomba nyundo. Ameing'oa misumari yangu kwa mkono wake na kufungua madirisha yote manane. Amesema ugonjwa huu huenea kwa hewa ya mahali palipofungwa, wala hauna habari na sahani. Upepo na jua ndio walinzi wa nyumba. Kisha akauliza ni nani humu amekohoa zaidi ya wiki mbili.

Nikamtazama Aliakbar. Wengine wote walinitazama mimi.

"Mzee Badruddin," Nanjala akasema taratibu, "wewe umeanza lini?"

Nikamweleza habari za vumbi. Firoza akaingilia kwamba ni tangu mwezi wa saba, kwamba shuka hulowa kila usiku, na kwamba kanzu zangu amekwisha kuzipunguza mara mbili. Siri za ndani, mbele ya wageni! Nikakubali kupimwa makohozi, kwa sharti kwamba Aliakbar naye apimwe, ili asipate pa kukimbilia. Tukapewa vikopo. Changu kilijaa zaidi. Sijazoea kushindwa.

Jumatatu, 8 Septemba

Aliakbar hana kitu. Ninacho mimi.

Nilimwambia Daktari Wendy wa kliniki kwamba vikopo vimebadilishwa. Akanionyesha jina langu, kwa mwandiko wangu, na lile pambo ninalolitia chini ya sahihi. Dawa ni miezi sita, kila siku, bila kuruka.

Kisha wakampima Rumana. Mkuu wa ulinzi alikaa kwenye benchi ameshika viatu vya mtoto. Ugonjwa hajaupata, alhamdulillahi, ila kwa sababu amenilalia kifuani majuma yote hayo, atapewa dawa ya kumkinga. Saliha alilia. Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika: niliogopa sana.

Firoza hakupandisha sauti. "Baba Saliha, mtoto hatalala kifuani pako mpaka daktari aseme."

Jumanne, 16 Septemba

Nalala peke yangu chumba cha mbele, madirisha wazi, barakoa usoni. Asubuhi vidonge vinne. Firoza husimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha hunifunua mdomo na kutazama chini ya ulimi.

Siku ya kwanza ya vidonge mkojo ulitoka rangi ya machungwa. Nikamwita Aliakbar aje ashuhudie mwisho wangu. Akasema ni dawa tu. Alisoma ile karatasi yote. Kila jioni huniletea supu na kukaa nami dirishani. Nimemwomba radhi, yaani nimemwambia kwamba ile rangi nyekundu ilikuwa ya heshima. Amecheka mpaka akashika ukuta.

Rumana husimama kizingitini akaniita, "Nana," yaani babu, "nibebe." Kisha hubebwa na kupelekwa ndani. Hilo ndilo gumu. Vidonge si kitu.

Jumatano, 24 Septemba

Kikohozi kimekwisha! Nala wali nikaongezwa. Daktari Wendy amesema niendelee hivyo hivyo, nisizidishe wala nisipunguze. Wiki ijayo atanipima makohozi, na yakiwa safi nitampakata Rumana.

Wiki nzima! Nimepiga hesabu. Vidonge vinne kwa siku, siku saba, ni ishirini na vinane. Sambusa nimekula zaidi ya idadi hiyo kwa kikao kimoja. Nikivimeza vyote leo, wiki imekwisha leo. Ajabu madaktari wanasoma miaka mingi na hawajaliona.

Tatizo ni Firoza. Dawa anazifungia kabatini na ufunguo anauvaa shingoni. Adhuhuri aliuvua akitawadha. Nikaukandamiza kwenye sabuni, alama ikatoka safi kabisa ya kumpelekea fundi wa funguo sokoni Marikiti. Sabuni nikaificha mahali ambapo hakuna atakayeishuku: bafuni, pamoja na sabuni nyingine.

Alasiri Firoza ameiogea.

Si kitu. Kosa lilikuwa la sabuni, si la mpango. Rumana amenipungia mkono kutoka kizingitini, nami nimemnong'oneza avumilie kidogo tu. Kesho nana yake anatumia nta.